Gereji Yetu: Lori Huzungukwa kwa Miguu, Si kwa Kalamu

Mwaka jana ukurasa huu ulizungumza juu ya betri na baridi ya Januari, na mwaka huu tulikusudia kuzungumza juu ya gia boksi. Gia boksi itangoja. Imetufikia barua ya mama mmoja wa jamii yetu hapa Marekani, ambaye jina lake tunalihifadhi, na kwa kuwa siku hizi ni familia chache kati yetu zisizo na mtoto, mkwe au shemeji aliye nyuma ya usukani wa lori, tumeona heri jibu lisomwe na wote.

Anaandika hivi: "Shikamoo mjomba. Mume wangu anaendesha lori la kampuni ndogo, tela la futi 53, na safari zake nyingi ni za milimani huko magharibi. Karatasi ya ukaguzi huijaza ndani ya kebini akinywa chai, vema zote zimepigwa kabla hajashuka. Nikimwuliza huniambia mambo ya lori si ya jikoni. Sasa tuna akiba kidogo, na kaka zangu wawili wako tayari kutuongezea ili tununue lori letu wenyewe, lililotumika. Naogopa. Niambie mtu anapaswa kuangalia nini, ili na mimi nijue cha kuuliza. Na akiona ubovu, na ofisi ikamwambia nenda hivyo hivyo, afanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Mambo ya lori ni ya jikoni hasa, maana chakula cha jikoni hutoka humo. Nawe baba, ukiusoma ukurasa huu, usimkasirikie mwenzio. Hakukushitaki, amekuuliza kama mtu anayetaka urudi nyumbani.

Tuanze na uzito wa jambo lenyewe. Lori na tela lake, pamoja na mzigo, huruhusiwa katika barabara kuu za Marekani kufika ratili 80,000, yaani zaidi ya tani 36. Sheria ya nchi hii haimwachii fundi peke yake wala tajiri peke yake. Dereva mwenyewe, kabla ya kuling'oa lori, lazima aridhike kwamba liko salama, aisome ripoti ya mwisho, na kama ubovu uliandikwa humo atie saini kwamba ameona jinsi ulivyoshughulikiwa. Tangu Desemba 2014 dereva wa mizigo halazimiki kuandika ripoti ya mwisho wa siku ikiwa hakuona kasoro yoyote. Wako waliosikia habari hiyo wakadhani ukaguzi umefutwa. Hasha. Kilichofutwa ni karatasi ya kusema hakuna kitu, macho hayakufutwa.

Najua pia kwa nini vema hupigwa ndani ya kebini. Dereva wa masafa marefu aghalabu hulipwa kwa maili. Nusu saa ya kulizunguka lori haina maili hata moja, kwa hiyo haina hata senti. Mwenye kulaumu madereva tu na asilaumu mpango huo wa malipo hajalitazama jambo upande wa pili. Lakini mlima haujui habari ya malipo.

Tarehe 25 Aprili 2019, katika barabara ya I-70 inayoteremka kutoka milima ya Colorado kwenda Denver, lori lililobeba mbao lilishindwa kusimama, likaingia katika foleni ya magari pale Lakewood. Magari 28 yalihusika na watu wanne walikufa. Dereva alikuwa kijana wa miaka 23, mhamiaji kutoka Kuba. Alisema breki zilikuwa zimemwishia. Waendesha mashtaka wakasema alipita njia ya kuokolea malori bila ya kuiingia. Desemba 2021 alihukumiwa kifungo cha miaka 110, na baada ya kilio cha watu wengi gavana akakipunguza kuwa miaka 10. Sisemi neno juu ya hukumu ile. Nasema tu kwamba mahakamani jina lililosomwa lilikuwa la dereva, na wale wanne hawakurudi kwao.

Zamani kwetu lori lilikuwa na watu wawili. Wazee wetu waliofanya kazi ya njia ya Zambia baada ya 1965, mafuta ya kwenda na shaba ya kurudi, hawakuteremka Kitonga bila ya utingo. Utingo ndiye aliyeruka chini na gogo, aliyegonga matairi, aliyesikia upepo unavuja wapi, na wakati mwingine ndiye aliyemwambia dereva leo hatuendi. Huku Marekani dereva ni dereva na ni utingo. Akiwa dereva tu, basi lori halina utingo.

Sasa breki. Nitakaa hapa zaidi kuliko pengine, kwa sababu breki ndizo zinazozuia malori mengi katika ukaguzi wa barabarani. Kila mwaka wakaguzi wa Marekani, Kanada na Meksiko hufanya ukaguzi mkubwa wa saa 72, na kwa kawaida kama gari moja katika kila matano huzuiwa lisiendelee, breki zikiwa mbele katika orodha ya makosa.

Mwanangu, breki za lori ni za upepo. Kompresa ya injini hujaza mitungi. Dereva akikanyaga pedali, upepo huenda mpaka kwenye chemba, yaani kopo la chuma lililo karibu na kila gurudumu. Ndani ya chemba mna mpira unaosukuma fimbo. Fimbo husukuma mkono unaoitwa slaki ajasta. Mkono huzungusha chuma chenye umbo la herufi S. Na chuma hicho hutanua viatu vya breki vikabana dramu. Katika magurudumu ya nyuma chemba huwa na chumba cha pili chenye springi kubwa sana. Hiyo ni handibreki. Upepo huizuia springi isibane. Upepo ukitoka, springi hubana yenyewe.

Jaribio la kwanza ni la ndani ya kebini, na hapa kiti kinaruhusiwa. Weka kabari magurudumuni. Injini ijaze mitungi mpaka kompresa ikate, aghalabu kati ya ratili 120 na 130 kwa inchi ya mraba. Zima injini, achia handibreki, tazama geji kwa dakika moja nzima. Kichwa na tela lake havitakiwi kupoteza zaidi ya ratili 3. Kisha kanyaga pedali kwa nguvu, ushikilie dakika nyingine: si zaidi ya ratili 4. Dakika moja ni ndefu kwa mtu mwenye haraka, ndiyo maana wengi huhesabu sekunde kumi wakasema imetosha. Baada ya hapo washa swichi bila ya kuwasha injini, ukanyage na kuachia, ukanyage na kuachia, upepo ushuke. Kengele au taa ya hatari lazima iamke kabla geji haijapita chini ya 60. Endelea. Kati ya 45 na 20 vifundo vya handibreki viruke vyenyewe. Visiporuka, lori hilo halina wa kulishika siku mpira wa upepo utakapopasuka.

Jaribio la pili linataka nguo ya kazi, na hili ndilo linalorukwa. Ni kupima fimbo ya chemba inatoka kiasi gani. Lori liwe mahali tambarare, kabari ziwepo mbele na nyuma ya gurudumu, handibreki iachiwe, mitungi iwe na ratili kati ya 90 na 100, injini imezimwa. Ingia chini na tochi na chaki. Piga alama kwenye fimbo pale inapotokea chemba. Mtu mwingine akanyage pedali mpaka mwisho. Kama uko peke yako, kuna magongo ya kubania pedali yanayouzwa. Pima sasa kutoka chemba mpaka alama yako. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30, ambayo ndiyo nyingi, fimbo isizidi inchi 2. Kwa chemba ndefu ya namba hiyo hiyo mpaka wake ni inchi 2 na nusu. Hiyo utaitambua kwa nundu za mraba kwenye tundu za upepo. Usichanganye mbili hizi katika ekseli moja, maana upande mmoja utashika kabla ya mwenzake.

Kwa nini nusu inchi iwe na thamani kubwa hivyo? Kwa sababu chemba ya kawaida ina safari ya inchi 2 na nusu tu, kisha fimbo inagonga mwisho. Lori likiteremka mlima, dramu hupata moto, na chuma kikipata moto hutanuka, dramu ikakimbia mbali na viatu. Fimbo iliyotoka inchi 2 gerejini itahitaji kutoka zaidi mlimani. Breki iliyokuwa imekaribia mpaka asubuhi, ikiwa baridi, mchana haifiki. Dereva anakanyaga, pedali ni ngumu na nzuri, geji inaonyesha upepo tele, na lori haliitiki. Wengi walioponea chupuchupu husimulia hivyo hivyo: upepo ulikuwapo.

Lori la ekseli tano lina breki kumi. Mkaguzi akikuta asilimia 20 ni mbovu, lori zima linasimama. Mbili tu. Basi, mwanangu, ukitaka swali moja la kumwuliza bwana wako akipiga simu asubuhi, mwulize: "Fimbo ya nyuma kushoto leo imetoka inchi ngapi?" Aliyeingia chini atakujibu kwa namba.

Hapa pana kosa ambalo hata mafundi hulifanya, nami sitalipita. Malori yaliyotengenezwa Marekani baada ya 20 Oktoba 1994 lazima yawe na slaki ajasta zinazojirekebisha zenyewe. Ikiwa mojawapo imeacha fimbo itoke mno, mtu huchukua spana, akaikaza kwa mkono, fimbo ikarudi katika kipimo, naye akafurahi. Hajatengeneza kitu. Kinachojirekebisha kikiacha kujirekebisha kina sababu: aidha chenyewe kimekwisha, au kimefungwa vibaya, au bushi za ile S zimelika, au viatu vimekwisha. Ukikikaza kwa spana umeficha ugonjwa, na baada ya siku chache utarudi pale pale ukiwa njiani. Tarehe 11 Aprili 2003, pale Glen Rock, Pennsylvania, lori la kubebea kifusi lilishindwa kusimama kwenye mteremko likagonga magari manne, na watu wakafa, akiwemo mtoto wa miaka 11. Halmashauri ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ilipochunguza ilikuta kwamba breki za kujirekebisha zilikuwa zikikazwa kwa mkono, na wahusika hawakujua kwamba ile si tiba. Kwa hiyo fundi akikwambia "nimeikaza", mwulize: "Kwa nini ililegea?"

Neno moja la ukali. Ile chemba yenye springi usiifungue kamwe, wala usilegeze mkanda wake wa chuma. Springi ile imebanwa kwa nguvu inayozidi ratili elfu moja. Imeua watu waliokuwa na uzoefu. Iko bolti maalumu ya kuifunga ndani kabla ya kuigusa, na chemba yenyewe ikiharibika hubadilishwa nzima. Kadhalika kutengeneza breki huku ni kazi ya mtu aliyehitimu kwa mafunzo au kwa kazi ya mwaka mmoja au zaidi. Dereva anaweza kupima, lakini asijifanye fundi wa breki kando ya barabara usiku.

Ukiwa bado chini, tazama unene wa kitambaa cha breki: katika ekseli za nyuma kisiwe chini ya robo inchi. Tazama kama kimelowa mafuta, maana hayo hutoka kwenye sili ya gurudumu iliyopasuka, na kitambaa kilichonyonya mafuta hakioshwi kikapona, hubadilishwa. Sikiliza mipira ya upepo. Ule uliosuguana na chasisi mpaka nyuzi zake za ndani zinaonekana ni wa kutupa leo. Halafu fungua vali za mitungi umwage maji. Yakitoka maji kidogo, sawa. Yakitoka maji mengi, kikausha upepo kimechoka. Yakitoka na mafuta mazito, kompresa inapitisha oili. Wale wa Minnesota na Maine hawana haja ya kuambiwa maji hayo hufanya nini Januari.

Magurudumu sasa. Nati iliyolegea husema kabla haijatoka, ila husema kwa rangi. Michirizi ya kutu inayoanzia kwenye nati, au chuma kinachong'aa kuizunguka, ni dalili kwamba kuna kitu kinacheza. Ufa mdogo unaoanzia tundu la stadi hadi tundu la pili ni wa kusimamisha safari. Nati za milimita 33 za magurudumu ya kisasa hukazwa kwa spana ya kipimo, futi-ratili 450 mpaka 500. Bunduki ya upepo ni nzuri kwa kufungulia, lakini mwenye kukazia kwayo mpaka mwisho huvuta stadi zikarefuka, na stadi iliyorefuka hukatika siku nyingine, mahali pengine, mikononi mwa dereva ambaye hakuwapo gerejini. Gurudumu likifungwa upya, lipimwe tena baada ya maili 50 hadi 100. Hapa ndipo panaposahauliwa: gereji imefunga, dereva ameondoka, na maili 100 zimempata katikati ya jimbo jingine. Basi nunua spana ya kipimo uwe nayo, ni ghali lakini si ghali kama gurudumu linalovuka barabara peke yake.

Tairi halipimwi kwa rungu. Rungu litakuambia tairi lipi halina upepo kabisa, lakini kati ya tairi lenye ratili 100 na lenye 70 sikio la binadamu halitofautishi, hata la mzee wetu aliyejisifu miaka arobaini. Tumia geji, asubuhi, tairi likiwa baridi. Kashata za matairi ya mbele zisiwe chini ya 4/32 ya inchi, yaani kama milimita 3, na za nyuma zisiwe chini ya 2/32. Ingiza mkono kati ya matairi pacha: yasigusane, na pasiwe na jiwe. Pacha mmoja akipungukiwa, mwenzake hubeba mizigo miwili, na lile legevu hujikunja na kupata moto mpaka likawaka.

Mahali pa kuunga tela, usiridhike na kuvuta mbele kidogo ukaona tela linakuja. Vuta, ndiyo, kisha shuka, ingia chini na tochi, uone kwa macho yako kwamba meno ya sahani yameizunguka shingo ya kingpini na kufunga, na kwamba kati ya sahani na bamba la tela hapapiti mwanga. Ukiona mwanga, kingpini imekaa juu ya meno. Usukani, ukiwa na upana wa inchi 20, usicheze zaidi ya inchi 2 kabla magurudumu hayajaitika. Shika fimbo za usukani uzitikise kwa nguvu, kinachogonga kimelika. Springi iliyokatika jani, yu-bolti iliyolegea, mfuko wa upepo unaovuja, yote haya yanaonekana kwa anayeinama. Taa sitazisema, isipokuwa ile ndogo ya njano ubavuni mwa tela, nyuma kushoto. Hiyo ni ya breki za kuzuia magurudumu yasikamate, zilizolazimishwa katika matela yaliyotengenezwa tangu 1 Machi 1998. Iwake kidogo ukiwasha, kisha izime. Isiyozima ina neno. Isiyowaka kabisa nayo ina neno. Wako wanaoing'oa balbu.

Na ukisimama njiani, zunguka tena. Sogeza nyuma ya kiganja karibu na kila gurudumu bila ya kuligusa, au tumia kile kipimajoto cha kuelekezea. Lenye moto kuliko wenzake lina beringi inayokufa au breki inayong'ang'ania. Lakini baada ya mteremko mrefu mwangalie pia aliye baridi. Dramu iliyo baridi wakati nyingine zinachoma haikufanya kazi, na kazi yake imefanywa na wenzake.

Kuna jambo la lugha. Tangu 25 Juni 2025 mkaguzi wa barabarani anaweza kumzuia dereva asiyeweza kuzungumza naye kwa Kiingereza au kusoma alama za barabarani. Kwa hiyo vijana wetu wajifunze jina la kila kifaa kwa Kiingereza cha hapa, si kile cha gereji ya Mombasa au Dar es Salaam, maana yako maneno tuliyoyachukua kwa Waingereza ambayo Mmarekani hayajui. Kwake boneti si boneti.

Nakuja kwenye swali lako la ofisi, mwanangu. Dereva amekuta mpira wa upepo umechanika, amempigia dispacha, dispacha amesema mzigo unangojwa, nenda utengeneze ukifika. Afanyeje? Apige picha inayoonyesha ubovu. Aandike ripoti ya ubovu, kwa maana sasa upo na sheria inataka uandikwe. Aombe jibu la ofisi kwa maandishi, si kwa mdomo. Nimeona mara nyingi kwamba mtu aliyekuwa mkali kwenye simu huwa mpole akitakiwa kuandika. Na asiondoke. Sheria ya Marekani ya 1982 inamlinda dereva anayekataa kuendesha gari ambalo kwa sababu za haki anaona ni hatari, na humlinda hata yule anayehesabiwa kuwa ni mkandarasi na si mwajiriwa, maadamu ndiye anayeendesha. Akifukuzwa au kunyimwa safari kwa ajili hiyo, ana siku 180 za kupeleka malalamiko yake kwa idara ya usalama kazini iitwayo OSHA, na hulipi kitu kupeleka. Siku 180 zikipita, mlango umefungwa. Wengi katika jamii yetu hunyamaza kwa kuogopa karatasi zao za ukaazi, na matajiri wengine wanajua hivyo. Mwenye shaka juu ya karatasi zake aonane na mwanasheria mapema, siyo siku ya ugomvi.

Mwisho, hilo lori la kununua. Kaka zako wanatoa fedha, basi nao waje kulitazama. Kwanza, ikiwa mnachoitiwa ni ule mkataba wa kukodi huku ukilipa mpaka liwe lako, kwa kampuni ile ile inayokupa mizigo, mimi nasema hapana. Kamati iliyoundwa na serikali kuichunguza biashara hiyo ilipeleka ripoti yake Januari 2025 ikapendekeza ipigwe marufuku, na mimi katika gereji nimeona wanaume wazima wakirudisha ufunguo baada ya miaka miwili ya kulipa, mikono mitupu.

Ikiwa ni kununua kwa fedha zenu, msitazame rangi wala vyuma vinavyong'aa. Mwiteni fundi asiyejuana na muuzaji, mmlipe ninyi. Aisome kompyuta ya injini, saa zake na makosa yake. Injini ikiwa moto inanguruma polepole, alegeze kifuniko cha oili aone moshi unaosukuma kutoka humo; ukiwa mwingi wenye nguvu, ringi zimechoka. Oili kidogo ipelekwe maabara, gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na injini. Atazame chasisi kwa tochi, hasa pale mabamba mawili yanapokutana, kutu ikiingia katikati huyatenganisha. Atazame matairi mwaka wake: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili ni wiki na mbili ni mwaka, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Lori la tangu 2007 lina kichujio cha masizi, na la tangu 2010 aghalabu lina mtungi wa ile dawa ya urea. Muuzaji akikuambia kwa fahari kwamba vyote ameviondoa ili lori lipumue vizuri, mshukuru uende zako, kwani ni kinyume cha sheria na kuvirudisha kutakula akiba yote. Kisha hati ya umiliki: hakikisheni hakuna benki inayolidai.

Omba karatasi ya ukaguzi wa mwaka, ule unaofanywa kila miezi 12, na vitabu vya matengenezo. Ukaguzi uliofanywa wiki iliyopita na gereji ya muuzaji mwenyewe una uzito wa karatasi tu. Na katika fedha mlizo nazo, msinunulie lori zote. Wekeni kando za breki, matairi na safari moja ya kuvutwa. Ikiwa zikiwekwa kando lori hilo halinunuliki, basi tafuteni jingine dogo zaidi, au ngojeni. Bwana wako aende siku ya kulitazama na chaki, futikamba na nguo kuukuu, aombe lori lisogezwe mahali tambarare, aingie chini apime fimbo zote kumi, wewe ukiwa kebini unakanyaga pedali.